Rivyu ya Akaivu ya Taifa Nairobi kwa anayetafuta ukoo wake: sisi wa Frere Town tumo kwenye karatasi, tena wengi

Hii rivyu naiandikia watu wa Frere Town, Kisauni, Rabai na mtu yeyote wa pwani ambaye ashawahi kuulizwa "wewe kabila gani hasa" akabaki anameza mate. Bibi yangu mzaa mama tukimuuliza sisi asili yetu wapi jibu lake lilikua ni moja tu, babu yake aliletwa na manowari akiwa mtoto akalelewa misheni, basi, hapo hadithi imekwisha. Shuleni wenzetu walikua na kaya zao, yaani vile vijiji vitakatifu vya asili yao, Mrabai ana kaya, Mgiriama ana kaya, sisi tukaitwa Wamisheni na saa ingine mateka, na kuna watu wazima kabisa wametuambia machoni nyinyi hamna kwenu. Sasa nimekaa na hizi karatasi vya kutosha na nataka niwaambie kitu ambacho hakuna aliyeniambia mimi: sisi tunaoambiwa hatuna asili ndio tulioandikwa sana, pengine kuliko majirani zetu wote, manake wamishenari waliandika, manowari ziliandika, kampuni iliandika, serikali iliandika. Kazi ni kujua karatasi gani iko wapi na kuingia nayo vipi.

Jibu fupi kwa mwenye haraka: Akaivu ya Taifa ya Nairobi naipa nyota nne kati ya tano, inafaa kabisa, lakini si mahali pa kwanza kwenda. Ukienda pale kabla hujaongea na wazee wako utakaa siku nzima unasoma habari za mvua na korosho.

Tuanze na historia kidogo manake bila hii hutajua utafute mwaka gani. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa na Waingereza Unguja kumbana Sultani Barghash, na mwezi wa Juni mwaka huo Barghash akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Biashara haikuisha siku hiyo, majahazi yaliendelea kupita usiku na manowari za Kiingereza zikawa zinayakamata, na wale watu waliotolewa humo, wengi wao watoto, ilibidi wapelekwe mahali. Ndio wamishenari wa Kianglikana wa Church Missionary Society (CMS) wakaanzisha Frere Town mwaka 1875 bara ya kisiwa cha Mombasa, chini ya William Salter Price, na wakaleta pia wale waliokua wamesomeshwa kule Nasik, India, ambao walikua watumwa waliookolewa miaka ya nyuma zaidi. Rabai nako, pale Krapf na Rebmann walipojenga misheni miaka ya 1840, kulijaa watu wa aina nyingine, watoro, yaani waliotoroka wenyewe kutoka mashamba ya pwani. Mabwana wakaja kuwadai, ikawa karibu vita. Tarehe 1 Januari 1889 George Mackenzie wa ile kampuni ya Imperial British East Africa akamaliza kesi kwa kulipa fidia, watoro 1,421 waliokua kwenye vituo vya misheni wakapewa karatasi za uhuru. Watu 1,421! Hao wana wajukuu na vitukuu sa hivi wanauza samaki Kongowea na wanaendesha matatu na wanafundisha vyuo vikuu, na wengi hawajui kwamba uhuru wa mzee wao una tarehe.

Haya, Akaivu yenyewe. Iko Moi Avenue na hakuna mtu wa Nairobi asiyeijua manake ndio kituo cha kukutania, mtu akikwambia nipate Archives anamaanisha pale nje, watu wamesimama wanangojeana, makondakta wanaita abiria, ng'ambo kuna hoteli ya Ambassadeur, na sanamu ya Tom Mboya iko hapo hapo karibu. Watu hawana idadi wanaopita pale kila siku na nikiwauliza rafiki zangu wa Nairobi kama washaingia ndani wengi wanasema hapana, walidhani ni ofisi ya serikali tu. Jengo lilikua la Bank of India zamani za ukoloni, lina nguzo nzito na ukuta mnene, ukipita mlango tu kelele za barabarani zinakatika. Chini ni Murumbi Gallery, vitu alivyokusanya Joseph Murumbi aliyekua makamu wa rais wa pili wa Kenya, pamoja na mkewe Sheila, vinyago, nguo, mapambo, na wana pia maelfu ya vitabu vya zamani vilivyotoka kwake. Kapitieni, ni pazuri. Lakini kazi yetu sisi iko kwenye chumba cha kusomea.

Unajiandikisha, beba kitambulisho, mfuko mkubwa usiende nao. Beba penseli na daftari, kwenye akaivu karibu zote duniani kalamu ya wino haipendwi karibu na karatasi za zamani. Kuhusu kupiga picha na kutoa kopi uliza siku hiyo hiyo pale mezani kabla hujatoa simu, usimsikilize mtu aliyekwenda miaka iliyopita.

Sasa hapa ndipo wengi hukata tamaa nataka niielezee polepole. Mafaili hayakupangwa kwa majina ya watu. Hakuna mahali unaandika jina la babu yako likatokea. Yamepangwa kwa ofisi iliyoandika, kwa hivyo unatakiwa ufikirie kama karani wa mkoloni: huyu mzee wangu aliishi wapi, wilaya hiyo ilikua chini ya nani, na mwaka gani. Ya mkuu wa mkoa wa pwani yanaanza na PC/COAST, ya mkuu wa wilaya ya Mombasa DC/MSA, Kilifi DC/KFI, Taita DC/TTA, na hivo hivo nchi nzima, Nyanza PC/NZA, Fort Hall ambayo ndio Murang'a DC/FH. Halafu ujue majina ya zamani ya kiutawala, mkoa wetu kwa miaka mingi mwanzoni uliitwa Seyidie, ukitafuta Coast peke yake kwa miaka ile unaruka nusu ya vitu. Na tahajia! Frere Town utaikuta maneno mawili, utaikuta neno moja Freretown, Rabai utaikuta Rabbai na Rabai Mpia na Kisulutini. Andika zote kwenye karatasi kabla hujakaa kwenye katalogi.

Ndani ya hizo herufi kuna vitu vya aina nyingi na si vyote vina faida sawa. Ripoti za mwaka za DC ni nzuri kwa kujua hali ya mahali, njaa ilikua mwaka gani, ndui ilipita lini, nani alikua chifu, na hiyo inakusaidia ukisikia mzee anasema "nilizaliwa mwaka wa njaa ile" ukaweza kuweka mwaka. Zile ripoti za kukabidhiana ofisi, DC anayeondoka anamwandikia anayeingia, mimi ndio nazipenda zaidi, manake humo mtu anasema ukweli wake, mzee fulani mkorofi, kanisa fulani linagombana, shamba fulani lina kesi. Kuna vile vitabu vya kumbukumbu za wilaya vilivyoandikwa kwa mkono miaka na miaka, DC baada ya DC, vimejaa nasaba za machifu na maelezo ya koo. Na kuna mafaili ya ardhi, kesi na mirathi, na humo ndimo mtu wa kawaida hupatikana. Hii iwekeni akilini: Mwafrika wa kawaida enzi zile aliingia kwenye faili akiwa anaomba kitu, ameshtakiwa, amelipa kodi, au ameajiriwa. Mtu aliyeishi kwa amani, hana deni wala ugomvi, amepita kimya kimya.

Faili likiletwa ni jalada la karatasi nene lililofifia, limefungwa kwa ile kamba fupi yenye vyuma ncha zote mbili imepita pembeni juu. Ndani nakala za mashine ya chapa kwenye karatasi nyembamba sana, ukiiinua kidogo unaona maneno ya ukurasa wa nyuma yanapenya. Usilambe kidole kufungua, nimeona watu wanafanya hivyo, tafadhali. Kurasa nyingi si zako, unapita barua za bei ya nazi, daraja, kodi ya nyumba, kisha unafungua ukurasa mmoja unakuta barua ya wazee wa Frere Town kuhusu ardhi, Kiingereza chao safi kabisa cha shule ya misheni, chini majina yamepangwa, waliojua kuandika wametia sahihi, wasiojua wameweka dole gumba, na lile dole gumba la wino wa zambarau mistari yake ya ngozi bado inahesabika. Nilikaa nalo muda mrefu. Hao wazee hawakua wanyonge wa kusimuliwa, walikua wanadai haki zao kwa maandishi kwa serikali ya mkoloni, na sisi tulikua tunafundishwa kuona haya kwa ajili yao.

Kwa nini basi nimepunguza nyota moja? Si kosa la watu wa pale, ni hali ya nyaraka zenyewe. Mwaka 1939 ofisi kuu ya serikali Nairobi iliungua na mafaili mengi ya makao makuu yakateketea, kwa hivyo mnyororo wa barua umekatika, unakuta DC ameandika kwenda Nairobi na jibu hulioni. Ndio maana mafaili ya wilaya na mkoa yana thamani sana, yalikua huko yaliko, moto haukuyapata. Nakala zingine ziko London, kule The National Archives ya Kew, mfululizo wa CO 533 ndio barua za Kenya kuanzia 1905 nchi ilipohamishiwa wizara ya makoloni, kabla ya hapo ni mambo ya nje, na ule wa FO 84 ni biashara ya watumwa, mambo ya majahazi yaliyokamatwa mtu wetu aanzie hapo. Katalogi yao iko onlaini bure, na ukiwa na jamaa yako London aende akafungue kadi ya msomaji, kusoma hakulipiwi.

Sensa nazo msizitegemee. Watu wanaosoma mambo ya ukoo Uingereza na Marekani wanasema anza na sensa, kwetu sensa za 1911, 1921, 1926 na 1931 zilikua za wasio Waafrika, Mwafrika alihesabiwa vizuri mara ya kwanza 1948, na hizo ni hesabu si majina ya kumtafuta bibi. Kipande, kile kitambulisho cha mkoloni kilichoanza kutumika 1920 hivi, kiliandika jina, kabila, alama za vidole na mwajiri wa mwanamume wa Kiafrika, na kama familia yenu ina kipande cha zamani kwenye sanduku basi hicho ni hazina, kipigeni picha leo, pande zote.

Na wanawake. Hili linaniuma. Bibi zetu karibu hawamo kwenye mafaili ya DC. Kodi iliandikwa kwa mwanamume, kipande cha mwanamume, ardhi mwanamume. Mwanamke unamkuta kwenye kesi ya talaka, mirathi, au kwenye kitabu cha kanisa. Ndio maana rivyu hii haiwezi kuishia Moi Avenue.

Vitabu vya kanisa hivi, vya ubatizo, ndoa na mazishi, kwa sisi Wamisheni ndio kiini chenyewe. Ni daftari kubwa la jalada gumu, ukurasa mmoja una mistari michache tu, safu zimepigwa kwa chapa: namba, tarehe ya ubatizo, jina, wazazi, mahali wanapoishi, kazi, aliyebatiza. Ukurasa niliokua nautafuta ulikua na watoto kadhaa waliobatizwa siku moja, wote wana majina ya Kiingereza, na safu ya wazazi iko tupu toka juu mpaka chini. Tupu. Lakini pembeni, kwa mwandiko mdogo, yule mchungaji alikua ameandika kila mtoto ni wa watu gani, huyu Mnyasa, huyu Mmakua, na kwenye mstari wa mzee wetu, Myao. Nilisoma, nikafunga, nikafungua tena. Zaidi ya miaka mia hatukua na jibu na lilikua limeandikwa hapo muda wote. Wayao wako kusini mwa Tanzania, Malawi na kaskazini mwa Msumbiji, wana miji, wana lugha, wana koo. Nilimpigia mama simu nikiwa nimesimama nje, tukalia wote wawili.

Niseme pia kwamba lile neno moja pembeni halimalizi kazi. Mtoto wa miaka sita aliyekamatwa, akauzwa mara mbili tatu njiani, akaulizwa wewe nani na mtu anayeongea lugha nyingine, jibu laweza kua la lugha aliyoisikia njiani. Kwa hivyo mimi nasema tuna ushahidi wa Uyao, natafuta wa pili.

Sasa malalamiko, na sitaji mahali. Kuna parokia moja hapa pwani rejista zake za zamani zimewekwa juu ya kabati, karibu na dirisha linalovuja, kurasa za mwanzo zimeshikana kama mkate ulioloa na mchwa wameanza kwenye mgongo. Karani akaniambia hakuna anayeviulizia hivyo vitabu mama. Mimi nikamwambia niko mimi, na nyuma yangu kuna nusu ya mtaa. Jamani wenye vyeo makanisani, pigeni picha hizo rejista hata kwa simu, halafu zitoeni hapo dirishani, mvua ya masika haingojei kikao cha kamati. Na wewe unayekwenda, usiende kama mkaguzi. Nenda na barua ya kujitambulisha, mwone mchungaji kwanza, sema unamtafuta nani na kwa nini, uombe siku, na ukiweza jitolee kuwaandikia orodha ya majina ya kitabu hicho wabaki nayo. Milango hufunguka kwa namna hiyo.

Kitu cha tatu ni Birmingham. Makaratasi ya zamani ya CMS yako Cadbury Research Library ya Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na misheni ya Afrika Mashariki ina alama zake, C A5 ni kuanzia 1841 mpaka 1880, na G3 A5 ni 1881 mpaka 1934. Ziandikeni hizo mahali. Humo mna barua za wamishenari wa Frere Town na Rabai, shajara zao, ripoti zao, na muhimu zaidi mna barua za Waafrika wenyewe, watu kama William Jones, Ishmael Semler na George David, hao wa kutoka Nasik waliokua walimu na makatekista na nguzo ya zile misheni wakati wazungu wanaugua homa na kurudi kwao. Usomaji wa hizo barua unabadilisha kila kitu manake unasikia mtu wetu anajieleza mwenyewe, analalamikia mshahara, analalamikia kudharauliwa, anaripoti darasa lake. Kwa aliye mbali unaandika imeili, unaomba kurasa maalum, unalipia kopi, na bei si ya mtu wa mshahara wa kawaida kama unataka nyingi, kwa hivyo kwanza soma katalogi yao onlaini uombe kitu kidogo kinachojulikana. Usiandike "natafuta ukoo wangu nisaidieni", andika mwaka, mahali, na jina kwa tahajia zote. Nyota nne na nusu, nusu nimepunguza kwa sababu ya umbali, inaumiza kwamba ili nisome habari ya Kisauni lazima nitume hela Uingereza. Watu wa bara wana maumivu yao kama hayo, ile 2011 kesi ya Mau Mau London ndio ilifichua mafaili yaliyohamishwa na kufichwa Hanslope Park, sasa yako Kew kwenye FCO 141, na kama familia yenu ilipita kambini wakati wa Emagensi, ile hali ya hatari ya miaka ya 1950, hapo ndipo pa kuangalia.

Cha bure kabisa na hakijulikani: Gazeti Rasmi la serikali. Toleo lilianza 1899 na Google Books wameskani matoleo mengi mno, unasoma ukiwa kitandani. Watu wanadhani ni matangazo ya mawaziri tu, kumbe humo mna matangazo ya mirathi, marehemu nani, wa wapi, nani anasimamia, mna watu waliobadilisha majina yao kisheria, mna waajiriwa wa serikali wakiteuliwa na kustaafu, na kwa watu wa pwani mna madai ya ardhi yaliyotokana na ile sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliyohusu ukanda wetu huu. Weka jina ndani ya alama za kufungia maneno, jaribu tahajia tofauti, halafu jaribu jina la kijiji peke yake na mwaka. Ndugu yangu mmoja alimpata babu yake humo, karani wa forodha, na tarehe ya kuajiriwa. Nyota tano, hakuna mjadala.

McMillan, ile maktaba yenye simba wawili wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa 1931, ni nzuri kwa magazeti ya zamani, na tangu shirika la Book Bunk liingie kuifufua pamoja na zile ndogo za Kaloleni na Makadara kazi yake inaonekana. Nilikaa kidogo tu kule, siwezi kusema mengi. Maktaba ya Fort Jesus hapa Mombasa pia msiisahau kwa vitabu vya historia ya pwani, ukiwa Mombasa anza hapo kabla hujakata tiketi ya SGR. FamilySearch onlaini naitumia kuchorea mti wa ukoo, ni bure na shangazi zangu walioko Ulaya wanaongeza majina na picha wenyewe, inatosha.

Sasa wazee, na hili ndilo lingetakiwa kua la kwanza kwa kila mtu. Kaa na mzee wenu mkubwa, weka simu irekodi, muombe ruhusa, halafu usiulize "sisi asili yetu wapi", hilo swali atakupa lile jibu fupi alilozoea. Muulize vitu vya kushikika: alibatizwa kanisa gani, msimamizi wake nani, baba yake alifanya kazi reli, forodha, bandari au PWD (idara ya ujenzi ya serikali), bosi wake aliitwa nani, walikua wanaishi upande gani wa ile kengele ya Frere Town, shamba lilipakana na la nani, nani alizikwa wapi. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikua akikumbuka jirani wa shamba kuliko alivyokumbuka mwaka wake wa kuzaliwa, na jina la yule jirani ndilo lililonipeleka kwenye faili sahihi. Geuza kila picha ya zamani uangalie mgongoni, studio ziligonga mihuri yao, na mtu huandika tarehe kwa penseli. Nendeni makaburini, someni mawe. Kwenye makaburi yetu haya ya pwani kuna watu ambao dunia nzima iliwajua, Matthew Wellington alikua mmoja wa waliobeba maiti ya Livingstone kutoka bara mpaka pwani, mtu wa asili ya Kiyao aliyesomeshwa Nasik, akaishi Mombasa na kufa hapa hapa 1935. Wellington si jina la Kiyao. Wangapi kati yetu wana jina la namna hiyo kwenye kitambulisho na hawajawahi kuuliza lilitoka wapi?

Gharama: Akaivu yenyewe haikufilisi, kinachokula hela ni nauli, kulala Nairobi na chakula. Watu wa ukoo mmoja changeni mumtume mmoja mwenye subira na mwandiko mzuri, si lazima awe msomi, awe mtu anayeweza kusoma Kiingereza cha mkono wa zamani bila kuchoka, herufi zile zimelala upande na zina mikia. Afike asubuhi mapema, aombe mafaili machache kwa mara moja, na kila ukurasa anaonakili aandike namba kamili ya faili juu, toka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, bila hivyo mtu wa pili hawezi kurudi pale pale.

Angalizo moja la mwisho kwa wanaotaka kujua tu kijuujuu. Utakutana na vitu vizito. Utaona binadamu ameandikwa kwa idadi, wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, watoto kadhaa, jahazi fulani. Utaona fidia ililipwa kwa mabwana, mwaka 1889 kwa wale wa misheni na tena baada ya sheria ya 1907 iliyofuta utumwa pwani, na waliofanyiwa kazi miaka yote hawakupata senti. Mimi nilitoka nje nikatembea kidogo nikarudi. Nendeni wawili.

Mimi sa hivi nangoja kopi za G3 A5 za miaka ya 1880, na nimeanza kuuliza watu wa Newala na Masasi kuhusu majina ya koo za Kiyao. Ambaye anakwenda Nairobi kabla ya mwezi kuisha aseme hapa, nina namba za mafaili ya Rabai nilizonakili kwenye katalogi na sikuwahi kuyafungua, nampa zote, na akikuta majina ya watoro wa 1889 ayaandike kama yalivyo bila kuyanyoosha tahajia.